Ukuta Wenye Homa

Nyumba ya Spana ilikuwa na vyumba vitatu na jiko. Chumba cha Bibi kilikuwa cha mwisho, nyuma kabisa. Upande wa pili wa ukuta wake kulikuwa na kijichumba cha kufulia. Humo mlikaa mabeseni, ndoo, na mashine ya kukausha nguo.

Mashine hiyo ilikuwa ya dada yake Spana. Alipohama mji aliwaachia.

"Chukueni," alisema. "Mvua zikija, sitaki kusikia mama analala kwenye shuka mbichi."

Bibi ndiye mama yao. Aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Tangu hapo hakuweza kuinuka kitandani bila kushikwa. Ngozi yake ilikuwa nyepesi kama ganda la kitunguu. Shuka ikiwa na unyevu, ngozi ilichubuka. Shuka ikiwa ngumu, ngozi ilichubuka pia. Kwa hiyo shuka zake zilifuliwa kila siku, na kila siku zilitakiwa kuwa kavu na laini.

Kazi hiyo aliifanya mke wa Spana. Majirani walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa mshonaji, na hata akiwa amebana pini midomoni aliongea.

"Umeamkaje, mama?"

"Nimeamka kama gunia. Nigeuze."

"Gunia gani linalotoa amri asubuhi asubuhi?"

"Gunia lililopewa mkwe mwenye maneno mengi. Nigeuze ukutani. Ukuta huu unanikanda mgongo."

Ni kweli. Mashine ilipozunguka, ukuta ulipata joto kidogo, na Bibi alipenda kuuegemea. Alilala pale akisikiliza pipa la mashine likizunguka, du, du, du, mpaka usingizi umchukue.

Chiriku alimpenda mama mkwe wake. Alipofua shuka zake aliweka dawa ya kulainisha nguo, ile yenye harufu ya maua. Chupa iliandikwa: kifuniko kimoja. Chiriku alimimina vitatu, wakati mwingine vinne.

"Kifuniko kimoja ni cha watu wenye ngozi ya kiatu," alisema. "Mama yangu si kiatu."

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kisha mashine ikaanza vituko. Chiriku aliingiza shuka, akabonyeza kitufe, akarudi kwenye cherehani yake. Hata hajamaliza pindo moja, kengele ya mashine ikalia. Alipofungua mlango, shuka zilikuwa bado zimelowa maji. Akabonyeza tena. Ikazunguka kidogo, ikalia tena.

"Baba watoto," alimwambia mumewe jioni, "mashine ya dada yako imejifunza uongo. Inasema nguo zimekauka, na mimi nikizishika mkono unalowa."

"Nitaitazama."

"Utaitazama lini? Mama ana wekundu kiunoni. Nimeuona leo nilipomgeuza."

Spana aliacha kula. Alijua maana ya wekundu ule. Daktari aliwaambia: hivyo ndivyo kidonda kinavyoanza.

*

Spana alikuwa fundi wa pikipiki, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Asubuhi, Chiriku alipokwenda kumpima mteja gauni, yeye alichomoa plagi ya mashine na kufungua bamba la mbele. Akaona ndani ya pipa, karibu na mlango, vyuma viwili vyembamba vimelazwa sambamba kama reli. Kila chuma kilikuwa na waya wake. Akafuata nyaya kwa kidole, akafikiri, akaelewa nusu.

Nusu hiyo ilikuwa hivi: vyuma vile vinaiambia mashine kama nguo ni mbichi au ni kavu. Vikisema kavu, mashine inazima.

"Basi visiseme kavu," Spana alijiambia.

Akakata kipande cha waya kifupi kama kidole. Akaziunganisha zile nyaya mbili kwa kipande hicho. Sasa mashine ingeamini kwamba nguo ni mbichi wakati wote. Ingezunguka na kuzunguka mpaka mtu aizime kwa mkono wake.

Alikusudia kumwambia mkewe: isimamie, usiiache. Lakini simu ikaita. Mteja alikuwa amekwama barabarani na mnyororo umekatika. Spana akafunga bamba, akaondoka.

Jioni alipokelewa kwa vifijo chumbani kwa Bibi.

"Fundi wangu!" Chiriku alisema. "Leo nimetoa shuka kavu, ya moto kama imetoka kupigwa pasi. Mama aliihitaji haraka, nikaizima mashine mwenyewe nikaitoa. Umeifanya nini?"

"Nimeirekebisha."

"Imepona?"

Spana akamtazama mama yake. Bibi alikuwa anatabasamu, kichwa juu ya mto mkavu. Sifa zilikuwa tamu. Angeanzaje kusema kwamba hakuirekebisha, ameidanganya tu?

"Imepona," akasema.

*

Siku iliyofuata Bibi aliita. Sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Chiriku! Njoo uushike huu ukuta."

Chiriku akaja na futi ya kupimia shingoni. Akaweka kiganja ukutani, akakiondoa mara moja.

"Haa!"

"Ukuta una homa," Bibi alisema. "Kila siku naupapasa, naujua. Leo si joto lake."

Chiriku alikwenda mbio kuizima mashine. Ndani, shuka zilikuwa zimekauka hadi zikawa na mikunjo ya manjano. Aliogopa, lakini alijipa jibu. Labda mashine iliyopona ina nguvu zaidi.

Jioni alimweleza mumewe. Spana alikwenda chumbani kwa mama yake, akasimama akiutazama ukuta. Akaugusa. Sasa ulikuwa baridi.

"Mwanangu," Bibi alisema, "mimi siwezi kukimbia. Unalijua hilo?"

"Najua, mama."

"Basi usinidanganye. Hiyo mashine ni nzima?"

"Kesho nitaitazama tena," alisema. Akatoka.

Usingizi wake ulikuwa wa kuibia. Lakini kulipokucha kulikuwa na pikipiki zilizomsubiri karakana. Akasema moyoni, nitarudi mchana. Akaenda bila kumwambia mkewe asiiwashe.

*

Uzi mweusi ulimwishia Chiriku katikati ya suruali ya mteja. Mvua ilikuwa imepungua. Watoto walikuwa shuleni. Akaingiza shuka za Bibi kwenye mashine, akabonyeza kitufe, akachungulia chumbani.

"Mama, nakimbia dukani mara moja. Mashine itasimama yenyewe."

"Usichelewe kwa maneno."

"Sitaongea na mtu!"

Akafunga mlango wa mbele kwa ufunguo. Ule wa uani aliurudishia tu.

Bibi akabaki na ile sauti. Du, du, du. Aliweka kiganja ukutani. Joto la kawaida. Akasinzia.

Alipozinduka, kitu cha kwanza kilikuwa harufu. Ilikuwa harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Akapeleka mkono ukutani, akaurudisha kifuani haraka. Ukuta ulikuwa unaunguza.

"Chiriku!"

Du, du, du.

"Chiriku, mwanangu!"

Chini ya mlango wake uliingia moshi mwembamba, wa kijivu, taratibu kama mtu anayenyata. Bibi alijaribu kujivuta ukingoni mwa kitanda. Nyonga ikamkata kama kisu. Akatafuta kwa mkono juu ya meza. Akapata kijiko cha chai. Akaanza kukigonga kwenye chuma cha kitanda. Ngee, ngee, ngee. Hakuacha. Alijua akiacha, hakuna atakayejua kwamba yupo.

Dukani, Chiriku alikuwa amekumbuka jambo. Akampigia mumewe simu.

"Usisahau, umesema leo utaitazama ile mashine. Hivi sasa nimeiacha inazunguka."

"Uko wapi?"

"Duka la nyuzi."

"Nani yuko na mama?"

"Yuko peke yake, kwani vipi? Itasimama."

Kwenye simu alisikia chuma kikianguka sakafuni.

"Baba watoto?"

"Haisimami," Spana alisema. "Nimeifunga waya. Haiwezi kusimama. Kimbia nyumbani! Kimbia!"

Pikipiki iliyokuwa karibu naye haikuwa na kiti, alikuwa amekifungua akioshe. Akaipanda hivyo hivyo, akasimama juu ya vikanyagio, akaiondoa kwa kishindo.

*

Jirani yao wa uani aliitwa Mama Pasi. Kabla ya kustaafu alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, miaka na miaka. Alikuwa anaosha sufuria aliposikia ngee, ngee, ngee.

"Bibi anacheza ngoma gani leo?" akasema. Kisha harufu ikamfikia. Akaiacha sufuria ikaanguka.

Aliingia kwa mlango wa uani. Moshi ulikuwa unatoka kwenye kijichumba cha kufulia, na mashine bado inazunguka. Hakuikimbilia. Alikwenda kwanza kwenye swichi kuu iliyo jikoni, akazima umeme wa nyumba nzima. Sauti ya mashine ikafa. Akavuta mlango wa kijichumba, akaufunga. Kisha akaingia kwa Bibi.

"Mashine!" Bibi alilia. "Mashine inaungua!"

"Iache iungue. Wewe kwanza."

Akatandika blanketi sakafuni, akamteremsha Bibi juu yake, akashika pembe mbili na kuanza kumburuta.

"Nyonga yangu!"

"Najua inauma. Nilaumu tukifika nje. Weka kanga puani."

Walitoka mpaka kibarazani kwa Mama Pasi. Ndipo akapiga simu zimamoto, huku mkono mwingine umeshika mkono wa Bibi. Bibi bado alikuwa na kijiko. Vidole vilikataa kukiachia.

Spana alifika na matope hadi usoni. Alipomwona mama yake nje, alimgusa bega. Kisha akageuka kwenda ndani.

"Unakwenda wapi?" Mama Pasi alimfokea.

"Nifungue mashine nizitoe nguo kabla hazijawaka!"

"Usiifungue! Moto unakula hewa. Ukifungua mlango unaulisha, tena uso wako uko palepale. Umeme nimezima, mlango nimefunga, watu wako nje. Kaa hapa."

Spana akakaa chini kwenye maji ya mvua.

Watu wa zimamoto walifika, wakaingia wao na vifaa vyao. Walitoka na shuka nyeusi na bonge lililoungua la manyoya ya nguo, zile nyuzi laini zinazotoka nguo zikikaushwa. Moto ulikuwa umeanza kwenye bomba la nyuma la kutolea hewa. Kiongozi wao alisema, "Mngechelewa kidogo tu, moto ungepita darini." Akatazama kilipo chumba cha Bibi.

Chiriku alikuwa amefika, nyuzi mkononi, viatu havijulikani vilibaki wapi. Spana akawaeleza wote habari ya kile kipande cha waya. Hakuficha kitu. Majirani walimgeukia Chiriku wakingoja mvua ya maneno. Chiriku alifungua mdomo, ukajifunga. Ukafunguka tena.

"Uliniambia imepona," akasema. Basi.

*

Bibi akahamia kwa Mama Pasi. Alikataa kurudi chumbani kwake.

"Itupeni hiyo mashine," alisema.

"Na mvua hii?" Chiriku alimjibu kwa upole. "Shuka kwenye kamba hazikauki, mama. Wekundu utakuwa kidonda."

"Bora kidonda kuliko kuchomwa nikiwa hai."

Mama Pasi ndiye aliyesema, "Tuijue kwanza imeugua nini. Ukishajua ugonjwa, utachagua kutibu au kutupa."

Fundi wa umeme aliitwa. Alipima nyaya za sehemu ya joto, akabadilisha zilizoungua, akafunga bomba jipya la hewa, la bati. Kisha Mama Pasi akawaita Spana na Chiriku kwenye kijichumba. Chiriku alisimama mlangoni. Hakutaka kuingia.

"Kitu cha kwanza?" Mama Pasi aliuliza.

"Plagi," Spana alisema. Akaichomoa, akaionyesha kama mtu anayeonyesha nyoka aliyekufa.

"Haya, angalieni vyuma hivi viwili. Hiki ndicho kitambuzi cha unyevu. Mashine haina macho. Inapapasa, kama Bibi anavyopapasa ukuta. Maji yaliyo kwenye nguo hupitisha umeme, kidogo sana, hata huwezi kuusikia. Nguo mbichi ikigusa vyuma vyote viwili kwa pamoja, inakuwa daraja. Umeme unavuka, mashine inajua bado. Nguo ikikauka hakuna daraja. Mashine inazima."

"Mbona ilikuwa inazima na nguo bado zina maji?" Chiriku aliuliza kutoka mlangoni.

"Njoo uguse."

Chiriku akasogea hatua, akanyoosha kidole kama anagusa kaa la moto. Akasugua chuma.

"Kinateleza. Kama kimepakwa mshumaa."

"Sasa nusa kidole chako."

Chiriku akanusa. Sura ikambadilika. Ilikuwa harufu ya maua.

"Dawa ya kulainisha," akasema polepole. "Ni mimi."

"Ni utando wake. Ukizidisha unabaki kwenye nguo, na nguo zinaupaka kwenye vyuma. Daraja linakuwepo, lakini umeme haufiki. Mashine inasema kavu."

Kisha Mama Pasi akachomoa kichujio, ule wavu mdogo unaonasa manyoya ya nguo. Ulionekana msafi. Akaushika chini ya bomba, akafungua maji. Maji hayakupita. Yalikaa juu ya wavu kama kwenye sahani.

"Mimi huuondolea manyoya kila siku!" Chiriku alisema.

"Manyoya unayaona. Utando huuoni. Kama maji hayapiti, hewa nayo inapita kwa shida. Joto linabaki ndani, manyoya yanajaa kwenye bomba. Juu ya hayo mwenzako akaikataza mashine kusimama. Kila mmoja wenu alileta kuni zake."

Spana na mkewe hawakutazamana.

Wakaanza kazi. Chiriku aliusugua wavu kwa brashi laini, maji ya uvuguvugu na sabuni, mpaka maji yakapita bila kusita. Spana alifungua bamba, akakitoa kile kipande chake cha waya, akarudisha kila waya mahali pake. Alipotaka kusugua vyuma kwa msasa, Mama Pasi alimpiga mkono.

"Huo wa pikipiki zako! Ukivichubua, uchafu utashika zaidi. Kitambaa laini na spiriti kidogo. Kisha acha mlango wazi mpaka harufu ya spiriti iishe kabisa, ndipo uchomeke plagi. Spiriti inawaka."

Kitambaa kilitoka na uchafu wa kijivu. Wakarudia kwa kitambaa kingine, mpaka kikatoka cheupe.

"Na kama ingekataa hata baada ya kusafishwa?" Spana aliuliza.

"Basi kitambuzi chenyewe kimekufa, au waya wake umekatika. Hapo mnaita fundi abadilishe. Hakidanganywi."

*

Siku ya kujaribu, hakuna aliyetaka kubonyeza kitufe.

"Bonyeza wewe, fundi," Chiriku alisema.

"Wewe ndiye unayeijua."

Mama Pasi akacheka. "Mnaikimbia kama mchumba mliyemkosea. Kwanza anzeni na pipa tupu."

Spana akabonyeza. Mashine ilizunguka kidogo, ikakosa unyevu, ikalia na kusimama. Halafu wakaingiza taulo kadhaa mbichi.

"Usijaribu kwa kitambaa kimoja," Mama Pasi alionya. "Kimoja kinarukaruka bila kugusa vyuma. Mashine itadhani hakuna kitu."

Du, du, du. Safari hii haikukimbilia kusimama. Spana aliweka kiganja juu ya mashine. Chiriku alisimama karibu na swichi, mkono tayari, midomo ikichezacheza bila sauti. Ilizunguka. Ikaendelea kuzunguka. Spana alijiuliza, je, kama amesahau waya mwingine? Chiriku akainua mkono azime.

Kengele ikalia. Pipa likasimama lenyewe.

Taulo zilikuwa kavu, na hazikuwa zinaunguza. Chiriku alizikumbatia akalia.

Wakaenda kumwambia Bibi. Aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Nitarudi," alisema, "lakini kwa sharti. Mwanangu atakaa kitandani kwangu, mgongo wake ukutani. Na mashine ifanye kazi."

Ikawa hivyo. Bibi alilazwa akitazama mlango, kijiko chake karibu na mto. Spana alikaa nyuma yake, mgongo kwenye ukuta. Upande wa pili Chiriku alipima dawa ya kulainisha, nusu ya kifuniko, ya shuka zilizokuwa kwenye beseni. Zilizokwisha kufuliwa akaziingiza kwenye mashine. Kisha akavuta kigoda, akakaa mbele yake. Hakushona. Hakuondoka.

Du, du, du.

"Ukuta ukoje?" Bibi aliuliza.

"Una joto kidogo, mama."

"Na sasa?"

"Vilevile."

Bibi alifumba macho, lakini mkono wake ulikuwa umeshika kijiko. Spana aliona mishipa ya mkono ule ilivyokaza. Hakuthubutu kuondoa mgongo wake hata inchi. Sauti iliendelea. Kisha kengele ikalia, na kimya kikaingia.

"Imesimama," Spana alisema.

"Nina masikio."

Chiriku aliingia na shuka mikononi. Bibi akaishika pembeni, akaisugua kwa kidole gumba, akaipeleka shavuni. Ilikuwa kavu. Haikunukia maua sana kama zamani, lakini ilikuwa laini.

Taratibu alinyoosha mkono mezani, akaachia kijiko. Kikalala juu ya meza.

"Haya, toka kitandani kwangu," alimwambia mwanawe. "Chiriku, tandika. Ukimaliza, nigeuze ukutani."